Taa za Elvi Kruukka

Siku Elvi Kruukka alipomgonga kulungu, kijiji kizima kilijua kabla kulungu mwenyewe hajapoa. Ilikuwa Novemba, saa tisa mchana, giza limeshatanda kama desturi yake huku kwetu kaskazini mwa Uswidi, na mnyama yule, mmoja wa kulungu wa theluji wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa huku, aliruka kutoka kwenye misonobari bila kumwomba mtu njia. Elvi alifanya yote yanayotakiwa. Alisimama, akawapigia polisi, akafunga mfuko mweusi wa plastiki kwenye nguzo ya kando ya barabara ili wanaokuja wajue kuna kundi karibu, kisha akakaa na yule mnyama hadi mwenyewe alipofika kumchukua. Mwenye kulungu alimpa mkono akamwambia asijali, huyo alikuwa mkorofi tangu ndama. Volvo kuukuu ya Elvi ilivunjika taa moja na kubonyea bampa. Elvi mwenyewe hakupata hata mkwaruzo.

Lakini mwanamke wa miaka sabini na tatu akigonga kulungu, watu hawasemi amegonga kulungu. Wanasema amezeeka. Nalisema hili kwa hasira, kwa sababu Sigurd, shemeji yake, ameshagonga wengi tu, na kila mara wenzake wamemnunulia kahawa dukani ili awasimulie vizuri.

Habari ilifika hadi Luleå, mji wa pwani anakoishi Roland, mtoto wa pekee wa Elvi. Jioni hiyohiyo akapiga simu.

"Mama, sikukatazi kuendesha. Nasema tu usiendeshe gizani."

"Giza la lini?"

"Giza tu, mama. Usiku usiku."

"Roland, wewe umezaliwa huku. Kesho saa nane mchana nipigie, nitoke nje, nikuelezee ninachoona."

Roland alijua vizuri. Kwetu Desemba jua halijisumbui kutoka. Linatuletea mwanga wa kijivu kidogo wakati wa chakula cha mchana, halafu linaondoka nao. Kumwambia mtu wa kijiji chetu, Kallovaara, asiendeshe gizani ni kumwambia akae ndani tangu Novemba mpaka Februari.

Na Elvi hawezi kukaa ndani, hasa Jumamosi. Jumamosi huenda kwa dada yake Lempi, ng'ambo ya mto, upande wa Ufini. Lempi ana nyonga mbovu, hatembei bila mkongojo, na hao wawili, wajane wote, kila Jumamosi huwasha sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke wa moto, wakaingia pamoja, wakasuguana migongo na kusengenya watu wa pande zote mbili za mto. Lempi hana mwingine wa kumsugua mgongo. Elvi naye hana. Ukimnyima Elvi gari umemnyima dada yake, na ukishamnyima dada yake sijui umemwachia nini.

Basi alitafakari, akaona tatizo si macho. Macho daktari alikuwa ameyapima msimu huohuo wa vuli akayasifu. Tatizo ni taa. Huku kwetu gari lisilo na taa za ziada mbele ni kama mtu aliyetoka bila kofia wakati wa baridi: watu wanamtazama wakidhani amepatwa na msiba. Volvo hii Elvi aliinunua baada ya kufiwa na mumewe Hilding, ikaja kutoka mjini ikiwa na taa zake mbili tu, naye alikuwa akiahirisha. Taa nne za Hilding, za duara, kubwa kama sahani, zilikuwa bandani zimeviringishwa katika soksi za sufu tangu gari lake lilipopelekwa kwenye vyuma chakavu. Akazitoa, akazifuta vumbi, akaenda nazo kwa Sigurd.

Gereji ya Sigurd iko nyuma ya duka la Lompolo, kijiji cha jirani. Sigurd ni mdogo wake marehemu Hilding, na utani kati yake na Elvi ni wa siku nyingi. Siku hiyo alikuwa chini ya trekta, imebaki miguu tu nje.

"Shemeji," Elvi alisema, "nimekuletea taa za kaka yako. Nifungie."

Miguu haikujibu.

"Sigurd, najua u hai. Mguu wa kushoto umetikisika."

Sigurd akajivuta nje, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Elvi, nimebanwa na kazi."

"Nitakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo pia nimebanwa."

"Na Pasaka?"

"Aa, Pasaka kutakuwa na mwanga, hutazihitaji!" Akacheka. Elvi hakucheka, ikabidi Sigurd aseme ukweli. "Roland alinipigia. Nimemwahidi. Kijana ana wasiwasi, Elvi. Ukifungiwa taa si utazidi kuendesha?"

"Ndiyo kazi ya taa, Sigurd."

"Kaa nyumbani upumzike. Maziwa nitakuletea, mkate nitakuletea."

"Na Lempi? Utaenda kumsugua mgongo?"

Sigurd akawa mwekundu mpaka masikioni. Elvi akazikusanya taa zake, moja moja, akazirudisha kwenye soksi.

"Nitafunga mwenyewe," alisema.

"Wewe? Waya si uzi wa kushonea, bi mkubwa. Utachoma gari."

"Likiungua utaona moshi ukiwa hapahapa. Utapata la kusimulia dukani."

Sasa, kuna jambo ambalo wanaume wa Lompolo hawakulitia akilini. Hilding ndiye aliyewafungia taa nusu ya wenye magari bondeni, na kila alipofunga, mtu mmoja alisimama kando yake akimshikia tochi. Maisha yao yote ya ndoa. "Mulika hapa, si pale. Usinitie tochi machoni. Huku, Elvi, huku!" Mkono uliganda, pua ilichuruzika, na macho ya Elvi hayakuwa na pengine pa kwenda ila pale penye mwanga, na penye mwanga ndipo ilipokuwa kazi. Hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa anaona nini.

Akawasha jiko la kuni bandani, akaliingiza gari, akabadilisha ile taa iliyovunjika, akainyoosha bampa kwa nyundo. Kisha akatandaza vifaa vya Hilding juu ya kitambaa cha meza na kuanza. Taa nne akazikaza bampani kwa spana. Waya mnene mwekundu akautoa kwenye betri, akaanza kwa kuutia fyuzi palepale karibu na betri, kwa sababu Hilding alikuwa akiapa kwamba anayesahau fyuzi anastahili kutembea kwa miguu. Waya huo akaufikisha kwenye rilei, kile kiboksi kidogo kinachobeba mzigo mkubwa wa umeme ili swichi ibebe mdogo, na kutoka kwenye rilei akazipelekea taa zote nne. Waya mweusi wa kila taa akaukaza kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, kama anayemenya kiazi. Halafu ukaja waya mwembamba, wa kutoka kwenye rilei mpaka ndani mwa gari kwenye swichi. Aliupitisha kwenye tundu la mpira kwa msaada wa sindano yake ya kufumia. Waya si uzi wa kushonea, ndiyo, lakini sindano haikujua.

Swichi aliyoichagua ilikuwa ya zamani, kubwa, yenye kikono chekundu, inayoweza kubonyezwa na mtu aliyevaa glavu nzito. Alitoboa dashibodi kwa keekee, kando ya usukani, bila kumwomba mtu ruhusa. Raha aliyoisikia wakati chuma kinazama kwenye plastiki ile hakuwahi kumweleza mchungaji.

Ukabaki waya mmoja, ule wa kuipa swichi umeme wake. Hapo Elvi alifumba macho akakumbuka. Tochi, vidole vya Hilding, waya mdogo wa taa ndogo za mbele. Hilding alikuwa akiunga pale kila alipofunga gari lake mwenyewe. Naye akaunga palepale, akaviringisha tepu, akaingia garini, akabonyeza.

Mlango wa banda ukawa mweupe. Hata vichwa vya misumari vilitupa vivuli. Elvi alicheka peke yake kwa sauti kubwa, kisha akamtukana Sigurd kwa lugha yetu ya bondeni, matusi ambayo siyaandiki hapa lakini yalikuwa mazuri.

Jumamosi akaenda kwa Lempi. Msitu ulifunguka mbele yake pande zote mbili. Macho ya kulungu aliyaona yakimeta mbali kabisa, akapunguza mwendo bila pupa, akapita. Alikuwa anaimba. Kwenye kona ya kinamasi akaona mwanga wa lori la magogo linakuja, naye kama mtu mwenye adabu zake akashusha taa. Lori likamwashia zake zote. Likazima, likawasha tena, likapiga honi ndefu, likampita likimwagia theluji.

"Washenzi," alisema Elvi. Ndivyo Hilding alivyokuwa akisema siku zote. Kila walipokutana na lori la magogo njia hii, lori liliwawashia, na Hilding alitikisa kichwa kwa huzuni: siku hizi madereva hawana malezi.

Jumatatu alikwenda dukani Lompolo. Ndani kuna meza ambapo watu hunywa kahawa, wakitumbukiza vipande vya jibini humo kikombeni. Sigurd alikuwepo. Alikuwepo pia mwanamke mmoja kipande cha mtu, suruali ya kazi imejaa grisi, dereva wa lori la magogo anayeitwa Mirja. Mirja alichungulia dirishani, akaitazama Volvo na taa zake nne, akageuka.

"Mama, ni wewe uliyenichoma macho Jumamosi pale kwenye kona ya kinamasi?"

"Mimi nilishusha taa," Elvi alisema. "Wewe ndiye uliyewasha."

"Ulishusha mbili. Nne zikabaki zinanikodolea."

"Mume wangu alisema kweli. Madereva wa malori hamna malezi. Tangu nimeolewa mnatuwashia."

"Mume wako nani?"

"Hilding Kruukka."

Mirja akaweka kikombe chini. "Si yule mwenye gari la Saab la kijani?"

"Huyohuyo."

Mirja alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Jua la Desemba! Mama, tulikuwa tunamwita Jua la Desemba! Nchi nzima jua halitoki, ila ukishika njia ya Kallovaara linakuchomoza usoni. Baba yangu naye alikuwa dereva. Alinionya juu yake hata kabla sijapata leseni. Alikuwa hazimi! Hazimi hata umpigie magoti!"

Elvi akamgeukia Sigurd. Sigurd alikuwa amezama kwenye kahawa yake anatafuta jibini.

"Ulijua?"

"Kila mtu alijua, Elvi."

"Kwamba alikosea kuunga?"

"Hakukosea. Magari ya watu aliyaunga vizuri, kwenye waya wa taa za mbali, ukishusha tu nazo zinazimika zenyewe. Ndiyo sheria. La kwake aliunga kwenye taa ndogo, kusudi." Sigurd akakohoa. "Alisema lori likiwa na taa kumi, na yeye ana haki ya zake nne."

Elvi alisimama pale na glavu mkononi. Alikuwa amemshikia yule mtu tochi mpaka vidole vikafa ganzi, akafokewa kwamba hamuliki sawasawa, kumbe alikuwa anamulikia uhuni. Na miaka yote kwenye kiti cha abiria amewalaani watu wasio na hatia! Alitaka kukasirika akajikuta nusu ya hasira ni kicheko, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Haya, umeona mwenyewe," Sigurd alisema, sasa amepata nguvu. "Lete gari nizing'oe hizo taa kabla hujamwua mtu. Na Roland itabidi nimwambie."

"Mwambie," Elvi alisema. "Mwambie na rangi ya soksi zangu."

Mirja alifuta machozi. "Twende nje, mama, nikuunganishie vizuri. Ni kazi ya dakika chache."

"Ahsante, mwanangu. Nimeharibu mwenyewe, nitatengeneza mwenyewe. Na samahani kwa macho yako."

Alirudi bandani bila hata kuvua koti. Safari hii hapakuwa na Hilding wa kukumbuka. Magari ya watu alipoyamulikia hakuwahi kujua kwamba yalitofautiana na la kwao, na waya wa taa za mbali alikuwa haujui kwa sura. Tochi aliining'iniza kwenye boneti kwa kamba ya kiatu, nayo ikatulia kuliko alivyowahi kutulia yeye. Akachukua kitaa cha kupimia, akagusa waya mmoja mmoja nyuma ya taa, akaingia garini kuvuta kikono cha taa, akatoka kutazama, akaingia tena, akatoka tena, magoti yakilia. Waya mmoja ulikuwa hai wakati wote; huo haukuwa wenyewe. Mwingine ulikuwa umekufa wakati wote. Kisha akaupata ule unaofufuka pindi anapowasha taa za mbali na kufa pindi anaposhusha, na alipoupata akaukamata kwa koleo kama aliyemshika mwizi. Akakata kiungo cha zamani, akaunga hapo.

Akavuta kikono: taa zote zikawaka. Akashusha: zikabaki mbili tu, za karibu, zimetulia kama watoto kanisani. Akavuta tena, akabonyeza swichi nyekundu: nne zikazimika, za gari zikabaki. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Jua lako limezama, mzee," akamwambia Hilding popote alipo.

Roland alikuja Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, mchana wakati wa ule mwanga wa kijivu. Alikuja na gari jipya la umeme, kimya kama paka, na nyuma limejaa maboksi matupu. Elvi aliyaona maboksi kabla hajamwona mwanawe vizuri.

Walikula supu ya nyama ya kulungu. Roland alimsifia supu, akamsifia mapazia. Alipoanza kusifia zulia Elvi akaweka kijiko chini.

"Sema lililokuleta."

"Kuna fleti, mama. Chini kabisa, huna ngazi hata moja. Duka liko mlango wa pili. Mimi na watoto tuko karibu, tutakuja kila siku."

"Mtakuja kila siku mwezi wa kwanza."

"Mama, Sigurd kaniambia habari za lori."

"Ya lori tumeshayamaliza. Taa zimetengenezwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Roland alipiga paji la uso. "Ndiyo ninachosema! Una miaka sabini na tatu, unachezea umeme wa gari peke yako bandani, halafu unaingia nalo msituni gizani. Simu ikilia baada ya saa tisa mchana, mimi moyo unasimama. Nadhani ni polisi. Kila siku, mama. Hata nikiwa kazini. Hunihurumii?"

Elvi alimhurumia. Alikuwa mwanawe. Alinyoosha mkono akamshika kiganja, lakini alichosema hakikubadilika.

"Nikifa njiani, Roland, nitakuwa nimekufa nikienda mahali. Kwenye hiyo fleti yako nitakufa nikisubiri kupelekwa."

"Kwa Lempi tutakupeleka!"

"Lini?"

"Tukipata nafasi."

"Mgongo wa Lempi hausubiri nafasi yako."

Hapo maneno yakawa makali, na makali ya mama na mwana yanafanana, ndiyo maana yanakata. Roland akasema kama ni ukaidi basi na yeye amezaliwa na mkaidi. Akainuka, akabeba cherehani ya Elvi, akaitia kwenye boksi. Akabeba vikombe vya harusi. Akavipakia kwenye buti la gari lake.

"Navitanguliza hivi. Ukiona vitu vyako vimeshatangulia, na moyo utafuata. Januari nakuja kukuchukua na wewe, na hilo gari nitaliuza."

Elvi hakumzuia. Hakuwa mtu wa kuvutana cherehani na mwanawe mlangoni kama wanaogombea mtumba. Alisimama kwenye ngazi, mikono ameikunja, akamtazama akiondoka. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, nzito, ya kurundikana.

Aliingia ndani, akaosha sahani kwa kelele kubwa. Akatia taulo kwenye mfuko, akatia jibini la Lempi, akavaa buti. Simu ikalia.

"Mama."

"Umesahau nini? Kitanda?"

"Mama, sioni."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Hizi taa mpya za magari ya kisasa zina mwanga mkali lakini hazina joto, na theluji ikizigonga inaganda juu yake ikawa ukuta. Elvi alilijua hilo. Huku kila mtu analijua, ila wanaohamia pwani hulisahau. Roland alikuwa amesimama kukwangua, akaenda kidogo, akasimama tena kukwangua. Mifuko myeusi ilikuwa imefungwa nguzo hadi nguzo, na kwenye kona ya kinamasi kulungu mmoja alitokea mbele yake kutoka gizani, karibu amguse.

"Nipo hapo kwenye kona. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi. Lori likija halitaniona."

"Washa taa za hatari. Usitoke garini. Nakuja."

Alikwenda bila haraka na bila kusita. Taa za Hilding ni za zamani, zinapata moto kama jiko, na kila theluji iliyozigusa ilichuruzika maji. Aliona nguzo, akaona mifuko, akaona mtaro wa kushoto na wa kulia. Kabla kidogo ya kufika kinamasi kundi lilikuwa katikati ya barabara linalamba chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu. Ukiwamulika kulungu kwa nguvu wanaganda palepale. Elvi akabonyeza swichi nyekundu, nne zikazimika. Akashusha na zile nyingine, akasubiri. Wakajikokota mmoja mmoja kuingia msituni, wa mwisho akimtazama kama mwenye barabara. Ndipo akawasha tena.

Roland alikuwa amekaa amekumbatia usukani. Elvi aligonga kioo.

"Futa taa zako kwa mara ya mwisho, kisha nifuate. Usinikaribie sana, na usiniache. Nikisimama, simama."

"Ndiyo, mama."

Wakaenda. Elvi mbele na taa zake, mwanawe nyuma na mwanga wake wa mshumaa, msitu mzima mpaka unapoishia. Katikati ya njia lori la magogo likatokea. Elvi akashusha mapema, taa zote nne zikalala kwa pamoja, na lori likashusha zake, na lilipompita likakonyeza mara moja, fupi. Alimwona Mirja ameinua mkono. Roland naye aliona.

Barabara kuu ina nguzo za taa, na greda la theluji hupita kila mara. Hapo Elvi akaegesha. Roland akaegesha nyuma yake, akashuka, akasimama kwenye theluji bila kofia, mwanamume mzima mwenye mvi, hajui aweke wapi mikono.

"Mama, mimi…"

"Fungua buti."

Alimtazama kidogo. Kisha akafungua. Alitoa boksi la cherehani mwenyewe, akalipeleka mpaka kwenye Volvo, akaliweka kiti cha nyuma na kulifungia mkanda. Akarudi kuchukua vikombe, akavibeba kwa mikono miwili. Alipomaliza akapitia mbele ya gari. Akasimama mbele ya zile taa nne, akagusa moja, akaondoa kidole haraka kwa moto. Akainama kutazama jinsi waya zilivyofungwa, nadhifu, mshono kwa mshono.

"Sasa rudi nyumbani taratibu," alisema. "Na ukifika nipi…"

"Mimi sirudi nyumbani," Elvi alisema, ameshaingia garini. "Leo Jumamosi. Wewe ukifika, unipigie. Si kabla ya saa mbili, nitakuwa saunani."